Pingili ya Saba ya Kogo

Chumba cha Eksirei,
Jumapili, saa nane mchana

Mwanangu Akinyi, ambaye Kogo alikuita Chepkoech,

Watu wamekuja kukuombea safari ya chuo na baba yako hayuko. Nimemwambia mama yako nimeitwa, kuna mgonjwa. Hakuna mgonjwa. Niko peke yangu kwenye chumba cha eksirei, nimekalia kile kiti cha chuma ulichokuwa ukikizungusha ukiwa mdogo, na nyumba zetu za wafanyakazi ziko karibu kiasi kwamba nikinyamaza nasikia mnavyoitikia amina. Mkifika kwenye chai nitakuwa bado naandika.

Mambo ya blanketi, sabuni na marafiki wabaya mama yako ameanza kukwambia tangu Jumatano, na mama mdogo wako Rael akifika kutoka Chepilat atayarudia yote kwa sauti ya juu zaidi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu, na nimekaa nalo miaka tisa.

Wiki mbili zilizopita mlikuwa mnachambua maharagwe, wewe na mama yako, na mimi nilikuwa mlangoni navua gambuti. Mama yako akakuuliza kwa nini umechagua kusomea eksirei na ulikuwa na alama za kutosha kwenda ualimu. Alidhani utasema unamfuata baba. Hata mimi nilidhani hivyo, nikajiandaa kujifanya sijasikia. Hukuinua macho. Ulisema, "Nataka nijue nilimfanyia nini Kogo."

Nikavaa gambuti tena nikatoka. Nilienda nikamkamua ng'ombe ambaye alikuwa ameshakamuliwa. Alinipiga teke, na alikuwa na haki.

Akinyi, hukumfanyia nyanya yako kitu. Nimeliandika hilo mapema ili usisome kurasa hizi zote ukiwa umeshika roho mkononi. Lakini najua nikiliacha peke yake hutaliamini. Umejihukumu tangu ukiwa na miaka kumi, na mtu aliyejihukumu hivyo hataki kuhurumiwa, anataka ushahidi. Ushahidi ninao. Uko kwenye bahasha kubwa ya kahawia iliyo pamoja na barua hii. Usiifungue mpaka umalize kusoma.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu ulikuwa mdogo na uliyoyaona uliyaona ni kawaida.

Nilipoenda Kimulot kumposa mama yako, hakuna aliyepiga vigelegele. Mjaluo, mtu wa ziwa, asiye na shamba, anayefanya kazi ya kupiga watu picha na kuziosha gizani. Wajomba zako waliniuliza maswali mpaka jasho likanitoka. Kogo hakuniuliza hata moja. Alinitazama, akasema kitu kwa Kikipsigis, na mama yako akanitafsiria kwa aibu: "Anasema tutaona kama watu wa ziwa wana adabu."

Basi nikaamua nitamwonyesha adabu mpaka achoke. Kwetu mama mkwe haguswi. Kwao pia ni vivyo hivyo, kwa hiyo hapo hatukuwa na ubishi. Sikuwahi kumpa mkono. Sikukaa naye chumba kimoja kama hakuna mtu wa tatu. Nikimwona anakuja kwenye njia, niliingia katikati ya majani chai nikampisha, hata kama kumenyesha na suruali ni ya kazini. Akija kutembea kwetu, mimi nilikula nje, na sahani magotini. Miaka ikapita, siku moja nikasikia amewaambia majirani kwamba kati ya wakwe zake wote huyu wa ziwa ndiye anayejua heshima. Mwanangu, nilitembea na sifa hiyo kama mtu aliyepewa cheti. Hata cheti chenyewe cha chuo hakikunifurahisha vile.

Ulipozaliwa alfajiri, mimi nikakuita Akinyi, yeye akakuita Chepkoech, na tukagundua kwamba lugha zetu mbili zimesema kitu kile kile, mtoto wa kupambazuka. Hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana bila mtafsiri. Na ulipoanza kuongea, ukawa wewe ndiye njia yetu. Kogo yuko mlangoni, mimi niko hatua tatu, nimesikia kila kitu kwa kile Kiswahili chake cha kugeuza b kuwa p, lakini nangoja.

"Mwampie papa yako mahindi iko tayari."

"Baba, Kogo anasema mahindi iko tayari."

"Mwambie Kogo asante."

Nawe ukarudi mbio. Ulifikisha yote, hata kikohozi. Mama yako alikuwa akicheka, anasema tungekuajiri posta.

Sasa siku yenyewe. Shule zilikuwa zimefungwa na ulikuwa kwa Kogo. Unakumbuka alivyoanguka kuliko mimi, maana ulikuwa nyuma yake. Alikuwa ametoka kando ya msitu na mzigo wa kuni mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso kama wanavyobeba wamama wote wa huko, na ile njia ya udongo mwekundu ilikuwa imelowa. Mguu ukateleza. Kuni zikaja mbele zote na kamba ikavuta kichwa. Lakini aliamka mwenyewe. Akakung'uta nguo, akakwambia uokote kuni, mkatembea mpaka barabarani, na pikapu ya maziwa ikawaleta hapa.

Aliingia mlango huu ninaoutazama sasa akitembea kwa miguu yake, na kichwa chake amekishika mwenyewe, mkono mmoja chini ya kidevu na mwingine kisogoni, kama mtu aliyebeba chungu kilichojaa pomoni. Nimepiga picha za watu wengi tangu siku ile na kitu hicho sijakisahau tena. Mtu akija ameshika kichwa chake mwenyewe, mwili wake umeshajua jambo ambalo wewe bado hujalipiga picha. Mwalimu wako huenda akasahau kukwambia hilo, kwa hiyo nakwambia mimi.

Daktari wetu wa wakati ule alimpima, akaandika picha ya shingo, ya mbele na ya ubavuni. Ya ubavuni ndiyo yenye kazi. Mgonjwa anakaa upande, filamu inasimama karibu na bega lake, na unatakiwa uone pingili zote saba za shingo, kuanzia ile inayobeba kichwa mpaka ile ya saba, inayojitokeza chini ya kisogo mtu akiinama. Shida ni mabega. Mabega hukaa mbele ya pingili za chini na kuzificha, na hakuna mabega magumu kama ya mtu aliyechuma chai na kubeba kuni maisha yake yote. Kwa hiyo ni lazima mtu avae aproni nzito ya madini ya risasi ya kuzuia miale, amshike mgonjwa mikono yote miwili kwenye viganja, na kuivuta chini polepole mpaka mabega yashuke, kisha mwingine abonyeze kitufe cha mashine. Nilikuwa nikifanya hivyo kila siku ya Mungu. Vijana wa kiwanda cha chai nilikuwa nawavuta mwenyewe huku nikiwauliza habari za mpira.

Siku ile nesi mmoja alikuwa wodi ya akina mama, kuna mtoto anazaliwa, na mwenzake alikuwa likizo. Mama yako alikuwa Sotik. Aliyewaleta alikuwa ameondoka na maziwa yake. Ningeweza kungoja nesi. Ningeweza kumwita daktari aje abonyeze, nikavuta mimi. Yote hayo niliyajua nikiwa nimesimama hapa hapa.

Lakini huyu alikuwa mama mkwe wangu, kitambaa kimemtoka kichwani, blauzi imefunguliwa shingoni, amegeukia ukuta ili nisimwone. Nilitaka aibu yake iishe haraka. Nilifikiri huko ndiko kumheshimu. Nikakuita wewe uingie umvue shanga, nikakutoa mpaka mlangoni, nikasimama nyuma ya ukuta wangu wa kujikinga nikasema kwa sauti, "Mwambie Kogo ashushe mabega."

"Kogo, baba anasema shusha mabega."

"Mwampie nimeshusha."

"Baba, anasema ameshusha."

Nikabonyeza.

Niliiosha filamu, nikaitoa kwenye dawa, nikaiweka ikiwa bado inachuruzika kwenye sanduku hili la taa. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Chini ya sita palikuwa na weupe wa bega, basi. Nikahesabu tena nikianzia chini, kana kwamba ukihesabu kutoka upande mwingine zitaongezeka.

Kwa miaka mingi nimejitetea mwenyewe kwamba ni mila. Nataka nikukatie njia hiyo usije ukanitetea nayo. Mila ilinifanya nisimshike mikono, hiyo ni kweli. Lakini mila haikunifunga macho. Filamu ilikuwa mbele yangu na nilijua sijaiona shingo yake yote. Daktari akachungulia mlangoni, benchi lake limejaa watu, akaniuliza, "Iko sawa? Umehesabu?"

"Nimehesabu."

"Saba?"

"Saba."

Neno moja tu, Akinyi. Angeniamini hata ningesema sita. Angesema tu rudia. Lakini kurudia maana yake ni kumvuta, na mimi sikutaka kuwa yule mkwe aliyemkamata mama mkwe mikono. Niliogopa kupoteza sifa yangu ya Kimulot. Kogo mwenyewe hakuniomba heshima ya namna hiyo. Daktari akampa tembe za maumivu, akamwandikia aende nyumbani.

Niliwasindikiza mpaka kwetu. Mlangoni ukaniambia, "Baba, Kogo anasema shingo bado inauma." Nami nikasema, sauti ni yangu, maneno ni yangu, funguo za chumba cha giza zikiwa mfukoni mwangu, "Ni misuli tu. Mkande na maji ya moto." Nikarudi kazini.

Ukachemsha maji. Ukatia chumvi kama mama yako anavyofanya. Kogo akakaa kwenye kigoda, akainama ili ufikie. Ulikanda mara mbili, tatu, akakwambia polepole, kisha akakuuliza, "Chepkoech, vidole yangu iko wapi?" Halafu miguu ikamwacha. Ulikuja mbio mpaka hapa mikono yako ikiwa bado inatoa mvuke. Mimi nilijua kabla hujasema.

Kuna dakika moja ya jioni hiyo ambayo ndiyo ninayoiomba usiku na mchana nirudishiwe, na si ile ya hapa kwenye taa. Tulikuwa nje ya nyumba tunangoja gari la kumpeleka hospitali kubwa, amelazwa kwenye mlango tulioung'oa bawaba. Rael alikuwa ameshafika. Unamjua Rael, uchungu wake hutokea mdomoni. Akasema mbele ya majirani wote, "Nani alituma mtoto akande shingo ya mtu mzima? Si ni huyu amemvunja mama yangu?"

Hukulia. Uligeuza kichwa ukaniangalia. Ulijua ni nani aliyekutuma. Ulikuwa na jibu mdomoni, mtoto wa miaka kumi, ukaninyamazia ili nilitoe mimi. Nikainama nikafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Nilipoinuka ulikuwa umeshamgeukia Rael. Ukamwambia, "Nilimkanda kwa nguvu."

Wanasema majuto ni mjukuu, huja baadaye. Yangu hayakungoja. Yalisimama mbele yangu siku hiyo hiyo na gauni lako la bluu, yakanibebea dhambi yangu, na mimi nikayaacha.

Kule hospitali kubwa walimvuta mikono watu wawili na bado pingili ya saba haikuonekana vizuri. Ndipo wakainua mkono mmoja juu ya kichwa na mwingine wakaushusha, kama mtu anayeogelea, wakapitisha picha kwenye kwapa. Hapo ikatokea. Ilikuwa imeteleza mbele juu ya ile ya chini yake. Mpiga picha wa pale alikuwa msichana mdogo, hajazidi sana umri wako wa sasa. Alikuwa ameishika filamu yangu juu ya taa na ile yake kando. Akaniuliza, "Huyu aliyepiga ya kwanza hakumvuta mikono?" Nikamwambia sijui ni nani aliyeipiga. Jina langu halikuwa kwenye karatasi, ila herufi mbili za mwanzo. Akanirudishia filamu yangu. Nadhani alijua.

Sitakudanganya tena, hata kukufariji. Mikono yako ilikuwa shingoni kwake pingili ile iliposogea mara ya mwisho. Hilo ni kweli na daima litakuwa kweli. Lakini shingo ile ingesogea hata angeinama kuosha miguu. Ingesogea kwenye pikapu, ingesogea usingizini. Mtu mwenye shingo ile hatakiwi kurudi nyumbani. Anatakiwa alazwe chali, afungwe shingo, asiguswe. Na aliyempeleka nyumbani ni mimi, nikakupa na maji ya moto.

Hayo mengine uliyaishi. Miaka miwili Kogo alikaa chumba chako, nawe ukalala chini kwenye godoro. Ulikuwa unaamka kabla yetu umgeuze ubavu asipate vidonda, ndipo uvae sare uende shule. Ulimlisha uji kwa kijiko. Uliacha kusuka wenzako nywele. Mama yako hakujua kwa nini, akadhani umekuwa mvivu. Mimi nilijua. Hutaki kushika kichwa cha mtu. Hata Rael alipojifungua na kukupa mtoto umbebe, ulirudisha mikono nyuma, akanuna, akasema una madharau. Nilikuwa pale. Nilikuwa nakunywa chai.

Na mimi nilimbeba. Hilo nalo uliliona, sijui ulilifikiria vipi. Mikono iliyokataa kumgusa kwa dakika moja ya kupiga picha ndiyo iliyombeba miaka miwili, asubuhi kumtoa juani, mchana kumrudisha ndani, maana mama yako hakuweza uzito wake. Unajua alichokuwa anafanya? Kila nikimwinua alifumba macho. Hakuwa na namna nyingine tena ya kunipisha njia, kwa hiyo alifumba macho mpaka nimweke chini. Miaka miwili, hakukosa hata siku moja. Ningeomba anitukane, Akinyi. Ningelala.

Huko uendako utaona mashine mpya. Nasikia Nairobi kuna ile inayoikata shingo vipande vipande kwa picha, kama mkate, na hakuna anayevutwa mkono. Nilipoisikia nilifurahi, kisha nikakasirika siku nzima. Lakini hospitali nyingi utakazofanyia kazi hazina hiyo. Zina kiti cha chuma na mikono ya watu. Utamshika baba wa mtu, utamshika mchungaji, huenda siku moja utamshika mkwe wako. Kabla hujamshika mwambie unachotaka kufanya na kwa nini. Mimi sikumwambia Kogo. Sikumpa nafasi ya kusema, "Nivute." Labda angesema. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba labda angesema tu nivute, na tungecheka baadaye, na wewe ungefikisha hata hicho kicheko.

Nimesikia gari. Huyo ni Rael, mlango wa gari anaufunga kama anagombana nao. Nikimaliza kuandika nitaingia ndani nimwambie mbele ya mama yako na mbele ya wote waliobaki. Barua utaipata kesho kituoni. Kwa hiyo ukiisoma utakuwa umeshanisikia. Na kama hukunisikia, basi jua niliogopa tena nilipofika mlangoni, na karatasi imenizidi uanaume. Usiikubali kama malipo. Niandikie uniulize kwa nini, na umwandikie Rael pia.

Sikuombi unisamehe. Umenifanyia mengi tangu ukiwa na miaka kumi, hilo usiliongeze kwa sababu tu baba yako amezeeka.

Bahasha sasa. Ndani kuna filamu, ile ile. Ilikaa juu ya kabati letu, nyuma ya masanduku, na mara moja mama yako alitaka kuitupa akidhani ni takataka za kazini. Isimamishe kwenye dirisha lenye mwanga. Kwenye pembe utaona jina la Kogo kwa mwandiko wangu. Utaona na shanga moja karibu na sikio, iliyokwama kwenye nywele, ambayo hukuiona ulipozivua. Hesabu kuanzia juu. Usiamini neno langu, hesabu wewe mwenyewe. Zitakuwa sita. Zilikuwa sita kabla hujawasha moto wa yale maji.

Na kuna kitu cha mwisho, ambacho si changu.

Mwaka mmoja baada ya kuanguka, asubuhi moja ulikuwa shule na mama yako amepeleka maziwa. Nilimtoa Kogo nje nikamweka pale ukutani, akitazama majani chai yanavyoshuka mpaka mtoni. Nilipogeuka kuondoka akaniita. Hakuna mtu wa tatu. Hakuwahi kunisemesha hivyo tangu nimwoe binti yake.

"Papa Akinyi."

Nikasimama. Sikumtazama.

"Ile siku, mkono ilianza gufa hapo kwa picha. Pado sijafika nyumpani. Nilisikia vidole inapotea. Nikanyamaza, sapapu ni wewe. Nilipata haya." Alipumua kidogo, maana kifua kilikuwa kimeanza kumsumbua. "Mwampie mtoto si yeye. Mwampie asipepe hii. Mimi nikimwampia anathani ni huruma. Wewe ni mtu wa picha, atakuamini."

Nikasema, "Nitamwambia, Mama."

Akafumba macho, akadhani nakuja kumbeba.

Sikukwambia. Nilijua ukisikia kwamba mkono ulianza kufa hapa, utauliza kwa nini basi aliruhusiwa kurudi nyumbani. Siku tuliyomzika Kimulot ulisimama peke yako nyuma ya watu, na neno lake nilikuwa nalo mdomoni, nikalimeza tena. Hata mimi nilinyamaza na yeye alinyamaza, kila mmoja akimheshimu mwenzake, na aliyelipa ni wewe.

Ulikuwa unabeba maneno yetu, mwanangu, hatua tatu kwenda na hatua tatu kurudi, na hukuwahi kuangusha hata moja. Mimi nilipewa moja tu nikuletee. Limechukua miaka minane kufika, lakini ni lake, sijalipunguza wala kuliongeza.

Akinyi, Kogo anasema si wewe.

Baba yako